Kila Machi Tunamlilia E-Sir. Biti Je?

Wasee wangu, kuna kitu kinanisumbua kila mwaka mwezi wa tatu, na leo nimeamua kukiandika chote hata kama kitakuwa kirefu. Weka chai kando ya simu.

Ikifika 16 Machi, mtandao mzima unageuka matanga ya E-Sir. Picha zilezile, mishumaa, njiwa weupe, "lala salama mfalme". Jioni redio zinapiga Boomba Train, kisha Leo ni Leo, kisha Moss Moss, halafu mtangazaji anashusha sauti kama mchungaji na kusema hatutapata mwingine kama yeye. Kesho yake tunaendelea na shughuli zetu. Mwaka unazunguka, tunarudi palepale.

Kwa wale hawajui, Issah Mmari alikuwa mtoto wa South C, Nairobi. Alikufa 16 Machi 2003 kwa ajali ya gari barabara ya Nakuru kwenda Nairobi, akitoka kupiga shoo Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Mimi nilizaliwa Novemba ya mwaka huohuo, kwa hivyo hatukuwahi kuwa duniani pamoja hata siku moja, na sai nimeshamzidi umri. Hiyo hesabu ilinishtua kidogo siku niliyoifanya. Mtu ambaye mimi namwita mkubwa wangu, ambaye mamangu alikuwa anaimba ngoma zake akifua nguo hapa Yamumbi, alikufa akiwa mdogo kuliko vile niko leo. Na tayari alikuwa ameacha albamu, Nimefika.

Kwa hivyo mimi sio wale wa kusema "mbona mnamlilia mtu hamkumjua". Lilia tu. Mtu anaweza kukulea na sauti yake bila kukuona. Swali langu ni lingine. Tunalia nini hasa?

Juu nikisoma hizo jumbe zote, naona tunalilia sauti. Tunalilia mdomo wake, vile alikuwa anabana Kiswahili safi ndani ya ngoma ya klabu bila kujikwaa. Sawa, hiyo ni kweli, na hakuna msanii wa rika langu amemkaribia kwa hiyo kazi. Lakini toa mdomo, acha ngoma peke yake icheze. Ile ngoma ya chini inayogonga kama mtu anabisha mlango wa mabati, kile kinanda kinarudia vitu vitatu vinne mpaka mwili unasalimu amri. Hiyo ndiyo ilibadilisha Kenya. Kabla ya hapo, ukitaka kurekodi ngoma ya kuchezwa ulitafuta bendi: mpiga gita la solo, mpiga besi, mtu wa drams, na pesa ya kuwalisha wote. Ogopa Deejays walifanya hiyo kazi na kompyuta, kinanda na sikio. Ndugu wawili, Lucas na Francis Bikedo, na chumba cha kurekodia. Kutoka hapo wakatoka E-Sir, Nameless, Deux Vultures, Big Pin na wengine mpaka ukasahau kuhesabu.

Ng'ambo huo ungeitwa muziki wa elektroniki, na wangeandikiwa vitabu. Sisi tuliuita kapuka. Na wengi waliouita hivyo mwanzoni walikuwa wanautukana, hasa mashabiki wa hip hop waliona ni muziki wa kitoto, mashine inajicheza yenyewe na jamaa anapiga kelele juu yake. Ogopa wenyewe walipendelea kuuita boomba. Jina la matusi ndilo lilishinda, kama kawaida yetu.

Kwa hivyo nikisema E-Sir alikuwa mmoja wa waanzilishi wa muziki wa mashine Kenya, usinirushie mawe ati yeye alikuwa anarap tu. Mashine peke yake haikuwa imethibitisha kitu. Mtu alihitajika wa kuionyesha nchi kwamba hii biti ya kompyuta inaweza kubeba Kiswahili, utani wa mtaani na huzuni pia, na bado bibi harusi aicheze kwa arusi. Yeye ndiye alifunga hiyo ndoa. Ndio maana kifo chake kiliuma vile kiliuma. Mamangu huniambia siku ile habari zilipofika, matatu zilikuwa zinapiga ngoma zake tu, lakini abiria wamenyamaza. Matatu ya Eldoret, abiria kimya. Jaribu kuwaza.

Sasa kuna aina mbili za maombolezo zinanikera.

Ya kwanza ni ile ya "angekuwa hai, Kenya tungekuwa mbele ya Nigeria". Manze, hapana. Huyo si E-Sir unamlilia, huyo ni ndoto umeichonga ukaipa jina lake. Marehemu hawezi kutoa albamu mbovu, hawezi kugombana na lebo, hawezi kuzeeka na kuanza kuuza sabuni kwenye tangazo. Ndio maana ni rahisi kumpa kazi zote ambazo sisi tulio hai tumeshindwa kuzifanya. Kijana wa miaka 21 alifanya yake, akamaliza. Kushinda Nigeria hakukuwa deni lake.

Ya pili ni mbaya zaidi: kutumia kaburi lake kama rungu. Ukichapisha tu kitu kuhusu arbantone, wazee wa miaka thelathini na tano wanakuja mbio. "Hawa watoto wanaiba. Wangemwachia E-Sir apumzike." Wanasema hivyo juu arbantone, kama unajua, imejengwa juu ya ngoma za zamani. Vijana walichukua midundo ya miaka ya 2000, ya genge na kapuka na dansihol, wakaikata, wakaichapa kwa kasi mpya, na kufikia 2023, 2024, hakukuwa na klabu wala matatu ambayo haikuwa inaicheza. Gengetone nayo ilipitia hayohayo matusi kabla yao, tangu Ethic watoe Lamba Lolo 2018.

Mimi naona kinyume. Yule dogo amekaa chini na kompyuta ya mkopo, akasikiza ngoma ya 2002 mara mia mbili ili ajue snea imekaa wapi na kile kinanda kinaingia saa ngapi, huyo ndiye ameomboleza. Amemsoma marehemu. Wewe uliweka mshumaa wa kunakili ukarudi kulala.

Lakini, na hapa ndipo nilikuwa naelekea, huyo dogo akitaka kufanya mambo vizuri, akitaka kuomba ruhusa na kulipa kidogo, amuulize nani?

Hilo swali nilikutana nalo kwa njia ya ajabu. Machi iliyopita nilitengeneza vidio fupi ya kumkumbuka. Kitu cha dakika moja na nusu, mimi naongea, nyuma ngoma inacheza sekunde kama arobaini. Haikuchukua hata dakika kumi baada ya kuiweka, nikapata ujumbe kwamba ngoma ina mwenyewe na mapato yote ya hiyo vidio yanaenda kwa kampuni moja ambayo sijawahi kuisikia maishani. Wacha nikuambie ukweli, mapato yenyewe yalikuwa bei ya mandazi mawili, kwa hivyo silii pesa. Nililia kitu kingine. Nilitafuta hiyo kampuni jioni nzima. Haina ukurasa wa maana, haina mtu, haina ofisi naweza kuigonga mlango. Labda ina mkataba halali kabisa na wenye haki. Labda kila mwezi familia inapata chake. Sisemi ni wezi. Nasema mimi, shabiki, nikiuliza pesa ya machozi yangu inaenda wapi, hakuna mtu wa kunijibu.

Na kumbuka YouTube ilianza 2005. Jamaa alikuwa amekufa miaka miwili. Kila vidio yake unayoiona huko iliwekwa na mikono ya wengine baada yake. Hakuwahi kuwa na chaneli, hakuwahi kusoma maoni, hakuwahi kutumiwa hata shilingi kwa M-Pesa, juu M-Pesa yenyewe ilikuja 2007. Nyingi ya hizo nakala ziliwekwa na mashabiki kwa mapenzi, na nawashukuru, bila wao singemjua. Lakini fungua maelezo ya chini uone. Jina la msanii, jina la ngoma, basi. Wakati mwingine hata jina la ngoma limekosewa. Nani alicheza kinanda? Nani alipanga ngoma? Nani aliimba kiitikio kwa nyuma? Ilirekodiwa mwezi gani? Hakuna.

Utaniambia "si ni Ogopa". Ndio, ni Ogopa, hata wenyewe wanajitangaza mwanzoni mwa ngoma. Lakini Ogopa ni jina la nyumba. Ndani ya nyumba kulikuwa na watu, na hao watu hawakupenda kujianika kwa kamera kama prodyuza wa siku hizi anayetaka jina lake litajwe kabla ya msanii. Hiyo aibu yao nzuri imekuwa hasara kwetu. Kuna watu walibadilisha masikio ya nchi nzima, na ukipita nao Moi Avenue huwezi kuwatambua.

Nilipeleka hii stori kwa fundi mmoja wa redio hapa senta ya Yamumbi, mzee wa kupenda benga na mugithi, mtu wa kuchomelea spika tangu kabla nizaliwe. Nilijua atanipinga.

"Mzee, ukisikia hii ngoma unasema nani aliipiga?"

Akasikiza kidogo, uso umejikunja. "Kijana, hiyo hakuna mtu aliipiga. Hiyo ni umeme."

"Lakini si kuna mtu aliuambia umeme ufanye nini?"

Akanyamaza. Akachukua bisibisi, akaendelea na redio ya watu. Baadaye kidogo, bila kuniangalia: "Huyo mtu angeandika jina lake basi."

Sijui kama alikuwa ananikubali au ananifukuza. Lakini alisema ukweli. Angalia muziki ambao huyo mzee anaupenda. Benga umepata watu wa kuutunza. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music walizunguka nchi wakitafuta wapiga gita wazee, wakawarekodi, wakawauliza maswali, wakatoa kazi kama Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008 na nyingine juu ya muziki wa Wakikuyu mwaka 2010. Wengine wa hao wazee walikuwa karibu kusahaulika kabisa. Sasa mtu anaweza kusoma nani alipiga na wapi. Kapuka na genge, muziki ambao nusu ya nchi hii ilibalehe nao, sijaona kazi ya namna hiyo. Labda tunaona bado ni mpya. Ngoma ya 2002 si mpya, wasee. Waliokuwa kwa hizo studio wana mvi sasa. Wengi bado wako, wanakumbuka. Kwa muda gani?

Juu mwaka 2018 tulionywa. Oktoba ile Joseph Kamaru alifariki Nairobi, mfalme wa muziki wa Kikuyu, na hapa Yamumbi palikuwa na huzuni ya kweli, nakumbuka vizuri, nilikuwa sekondari. Kila kibanda kilikuwa kinapiga Kamaru. Mwezi uliofuata akafa Bruce Odhiambo, prodyuza wa Johari Cleff, mmoja wa wale walioweka msingi wa studio za kisasa Kenya. Kwa Bruce, mtaani kwetu kimya. Si kwa ubaya. Watu hawakujua tu. Mtu wa mbele ya maikrofoni alizikwa na taifa, mtu wa nyuma ya kioo akazikwa na wanamuziki wenzake.

Kuna mahali walimlilia mtu wa nyuma ya mashine vizuri, na nataka nikupeleke huko kidogo. Chicago, Marekani. Frankie Knuckles alikuwa dijei kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, kuanzia 1977. Alikuwa anachukua disko za zamani, anazikata, anaongeza mashine ya ngoma juu yake. Watu wakaanza kuuita huo muziki kwa kipande cha jina la klabu: house. Yaani amapiano unayocheza leo kwa rave, babu yake anatoka kwenye hilo ghorofa. Mwaka 2004, akiwa bado hai, jiji likaipa sehemu ya barabara pale klabu ilikuwa jina lake, na mmoja wa waliosaidia ni seneta wa jimbo aliyeitwa Barack Obama. Ndio, huyohuyo, mtoto wa K'Ogelo. Knuckles alipofariki 31 Machi 2014, Obama akiwa rais, yeye na Michelle waliandika barua ya rambirambi.

Lakini barua na barabara si ndiyo inanigusa. Inanigusa kwamba sahani zake za santuri, maelfu, hazikugawanywa kwa jamaa na marafiki zikaishia sokoni. Ziliwekwa kwenye jengo moja kusini mwa Chicago, benki ya zamani iliyokarabatiwa, Stony Island Arts Bank, pamoja na vitabu na kumbukumbu zingine za watu weusi. Mtoto wa Chicago anaweza kwenda kuona ni sahani gani mzee alikuwa anacheza, na alama zake mwenyewe alizoandika. Waliomlilia walijiuliza: vitu vyake viko wapi? Wakavifuata.

Na usiniambie hiyo ni ya wazungu na pesa zao. Kwanza hao si wazungu. Pili, tuna mtu wetu anafanya hiyo kazi na laptopu. Yule Kamaru niliyemtaja ana mjukuu, naye anaitwa Joseph Kamaru, vile desturi inavyotaka, lakini kwa muziki anajiita KMRU. Amezaliwa Nairobi 1997. Hachezi gita la babu. Anarekodi sauti za mitaa, upepo, matatu, nyaya za stima, anaziweka kwenye kompyuta mpaka zinakuwa kitu kama ukungu. Si muziki wa kukatikia kiuno, nakuonya mapema, mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika. Albamu yake Peel ilitoka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna. Mwenye lebo, Peter Rehberg, naye alikuwa mmoja wa wakongwe waliofungua njia ya muziki wa laptopu huko Ulaya, na alifariki Julai 2021, mwaka mmoja tu baadaye. Kwa hivyo KMRU, akiwa kijana mdogo hivyo, ameshazika babu na ameshazika mwenye lebo.

Na angalia amefanya nini. Amechukua ngoma za babu yake, zile zilikuwa kwa santuri na kaseti, akazisafisha na kuziweka Bandcamp kwa jina la babu, ukinunua unajua unanunua kwa nani. Mjukuu wa elektroniki anatunza gita la babu. Mbona sisi mashabiki wa kapuka, muziki uliozaliwa ndani ya kompyuta, tushindwe?

Nitakuambia kwa nini nina haraka. Mimi ni mtoto wa Yamumbi. Mwanzo wa 2008 nilikuwa na miaka minne. Sitaki kuingia siasa, mnajua kilichopita hapa na kule Kiambaa jirani, na wengine wenu hampendi nikikitaja. Nitasema kitu kidogo tu. Nyumbani kulikuwa na katoni ya kaseti, ya babangu, imeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya ngoma. Benga, Lingala, injili, na pia hizo za Ogopa alizozirekodi kutoka redioni usiku. Hiyo katoni haikutoka. Nyumba nyingi sana hapa zilipoteza katoni kama hiyo. Watu wana mambo makubwa zaidi ya kulilia kutoka wakati ule, kwa hivyo kaseti hazijawahi kutajwa kwenye orodha yoyote. Lakini ndio hivyo muziki wa watu wa kawaida hupotea. Hakuna mtu anayeufuta kwa makusudi. Unakuwa tu kwa katoni, na katoni inakuwa kwa nyumba.

Hata nakala za mtandaoni ni katoni tu. Akaunti ikifungwa, zimeenda.

Sheria yetu, wacha niwape kidogo juu nimeisoma, kuwacha campo hakumaanishi nimewacha kusoma. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki za mtunzi zinaishi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Maana yake utunzi wa E-Sir una mwenyewe mpaka mwisho wa 2053. Nitakuwa na miaka 50 wakati huo, kama Mungu atanipa. Rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, inahesabiwa kivyake: miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Kwa hivyo ngoma moja ina milango miwili, ya mtunzi na ya rekodi, na nyuma ya kila mlango kunaweza kuwa na mtu tofauti. Ndio maana tumekuwa na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha, MCSK ya watunzi, PRISK ya waigizaji na waimbaji, KAMP ya wenye rekodi, na vita vyao vya leseni haviishi. Sasa niambie, kama jina la aliyetunga biti halijaandikwa popote, hata hao wakiamua kuacha vita na kufanya kazi kama malaika, watamtumia nani pesa?

Dogo wa arbantone yuko palepale. Anaogopa kuuliza, hajui aulize nani, anaamua kukata tu na kuomba Mungu. Ngoma ikishika, kampuni isiyo na uso inakuja kuchukua yote. Aliyecheza kinanda 2002 hajui hata kwamba kinanda chake kinachezwa. Dogo hana kitu. Na mashabiki wako nje wanapigana nani ni mwizi.

Mtu atasema mimi natafuta kontenti kwa kifo cha mtu. Sawa, natafuta, ndiyo kazi yangu, na nisingependa kujifanya mtakatifu. Hata redio zikipiga Boomba Train hiyo siku zinauza matangazo katikati. Kila mtu anakula kidogo kwa haya matanga. Ndio maana nasema tuchangie pia.

Eldoret sasa ni jiji, tulipewa karatasi Agosti 2024 na tukapiga makofi. Nimeshawaomba vijana wawili wenye studio huku Langas, na wamekubali: wao watasafisha sauti, mimi nitaandika. Hatuanzi na kitu kikubwa. Tunaanza na majina.

Kwa hivyo kama uko Yamumbi, Langas, Kapseret, Huruma, Kipkaren, Munyaka, popote, na una kaseti au CD halisi ya Nimefika, au yoyote ya Ogopa na Calif ya miaka ile, usiniuzie na usinipe. Itoe kwa jaketi. Piga picha ile karatasi ya ndani, upande wenye herufi ndogo ambazo hakuna mtu husoma, simu ikae wima na taa iwe ya kutosha. Kama imechanika, piga hivyo hivyo. Nitumie kabla ya wikendi, na uniambie ulinunua wapi na nani alikuwa anaicheza nyumbani.